Bomba la Uani na Kilomita Mia Tano

Novemba 13

Mimi Kalervo Moilanen nina miaka themanini na minne. Vita vilikuja nikiwa mtoto vikaniacha. Nimeishi kuliko farasi wawili wa kuvuta magogo, matrekta matatu, mbwa saba, na nyongo yangu mwenyewe ambayo daktari aliitoa akaniuliza kama nataka kuitazama. Nimeishi kuliko mke wangu Lempi pia, na hilo sikuliomba. Shule nilisoma majira mawili tu ya baridi, mengine yote nimefundishwa na msitu. Kwa hiyo mwandiko huu usichekwe.

Daftari nimepewa na binti yangu Sirpa. Yeye yuko mjini Kajaani, ni muuguzi, amezoea watu kumtii. Leo tumekubaliana na tumepeana mikono juu ya meza ya jikoni. Msimu huu wa baridi nitakaa kwangu, peke yangu, kama ninavyotaka. Lakini kuna masharti. Nisiende msituni peke yangu kuteleza juu ya theluji kwa zile mbao ndefu za kufunga miguuni. Niandike humu yote yanayotokea bila kuficha, naye atasoma Mei mosi. Na kama nyumba itanishinda, iwe moto, maji au choo, basi nahamia mjini kwenye nyumba ya wazee, ghorofa ya tatu, chumba ambacho dirisha lake linatazama magari yaliyoegeshwa.

Nilikubali haraka. Nyumba hii haiwezi kunishinda, nimeijenga kwa mikono hii. Isipokuwa bomba la majitaka linalotoka nyumbani kwenda kwenye karo, lile shimo la maji machafu. Hilo alichimba shemeji yangu Reino.

Sirpa aliniuliza, "Baba, neno lako ni neno?"

Nikamwambia neno langu lilikuwa neno kabla yeye hajazaliwa.

Novemba 14

Baridi 6. Hesabu yangu ya baridi ni nyuzi chini ya pale maji yanapoganda. Theluji ni kidogo, kama unga uliomwagika.

Novemba 20

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wilaya nzima ya Hyrynsalmi inalijua. Tangu mwaka 1961 sijawahi kumaliza msimu bila kuteleza kilomita mia tano kwa mbao zangu za theluji. Hata mwaka niliovunjika mbavu. Nimeziandika zote ukutani kwenye banda la kuni, kwa penseli, mwaka kwa mwaka.

Sasa Sirpa amenizuia msitu. Sawa. Nimetengeneza njia ya kuzunguka nyumba. Inapita mbele ya banda la kuni, inazunguka kona ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke orofa ya chini, inakata uani mbele ya dirisha la jikoni, inarudi. Nimeipima kwa kamba, mita mia mbili na hamsini. Mizunguko minne ni kilomita moja. Mizunguko elfu mbili ni mia tano. Wapo vijana ambao wangelia wakisikia hesabu hiyo.

Theluji haikutosha, kwa hiyo nimeikusanya kwa koleo kutoka kulia na kushoto nikaimwaga kwenye njia, kisha nikaburuta gogo juu yake mpaka ikawa ngumu kama meza. Njia nzuri kuliko za mashindano. Leo mizunguko sita.

Desemba 6

Baridi 15. Mishumaa miwili dirishani, ndiyo desturi ya siku ya taifa. Kwa Reino ng'ambo ya barabara naona miwili pia.

Nieleze na hili la Reino. Ni ndugu wa marehemu Lempi, ana miaka sabini na tisa, mtoto mdogo. Mwaka 1987 alikuja na katapila lake akanichimbia mtaro wa bomba. Nilipoutazama nikasema umechimba juu juu, mgando wa ardhi utalifikia. Akasema kina ni sawa na kimepimwa. Nikasema macho yangu yamepima. Tangu hapo tunainuliana mkono barabarani na tunazungumza kwenye mazishi. Miaka thelathini na tano bomba halijaganda, hilo ni kweli, lakini ni bahati tu.

Desemba 17

Kilomita 100. Theluji bado inafika kifundo cha mguu tu.

Desemba 24

Sirpa amekuja na watoto wake, wamekula, wameoga sauna, wameondoka. Amekagua nyumba kama askari. Hakuna alichopata.

Desemba 29

Baridi 34. Mbao zinalia kwenye theluji kama mlango mbovu. Nimefanya mizunguko kumi na mbili hata hivyo. Nimeacha maji ya jikoni yatiririke uzi mwembamba mchana na usiku ili mfereji usigande, kama alivyofanya baba yangu. Mambo haya vijana hawayajui.

Desemba 30

Baridi 36.

Januari 2

Baridi 33. Ardhi imepasuka kwa mlio, nilidhani mtu amepiga bunduki.

Januari 9

Maji kwenye sinki yanashuka polepole. Nadhani ni maganda ya viazi.

Januari 12

Kilomita 200 zimetimia saa nne asubuhi. Kisha siku ikaharibika.

Niliingia kunawa uso. Nikasikia sauti chini, kule sauna ambayo iko orofa ya chini, sauti ya mtu anayesukutua koo. Nikashuka. Maji yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu la sakafu. Maji ya jikoni, ya choo, yote, yanarudi kwangu kama wageni waliosahau kofia. Yalikuwa yamefika kwenye benchi la chini. Lile benchi Lempi alilipenda.

Nilifunga mfereji wa jikoni. Nilichota kwa ndoo, ndoo ishirini na mbili, nikazimwaga nyuma ya banda. Nikachemsha maji sufuria tatu nikayamimina, yakarudi yakiwa baridi. Nikamimina chumvi. Nikasukuma waya mrefu, ukaenda, ukaenda, ukagonga kitu kigumu kinachotoa mlio wa kioo. Barafu. Bomba limeganda.

Nikakaa juu ya ngazi. Sikumfikiria Reino kwanza. Nilifikiria dirisha la ghorofa ya tatu na magari yaliyoegeshwa. Nikaona kabisa mimi nimekaa pale nikihesabu magari mekundu.

Kisha nikamfikiria Reino. Alichimba juu juu. Nilisema.

Januari 13

Choo cha nje nilichojenga mwaka 1961 bado kiko imara, wala hakijainama. Kiti chake cha povu gumu kinaning'inia karibu na jiko kipate joto, nakibeba kwapani nikienda, na baridi haigusi mtu mzima. Maji machafu natoa kwa ndoo. Nyumba haijanishinda. Bomba ndilo limeshindwa.

Januari 14

Jumamosi. Hakuna sauna. Nimejisugua kwa beseni mbele ya jiko kama mtoto mchanga. Sijawahi kukosa sauna ya Jumamosi isipokuwa nikiwa hospitali.

Januari 15

Sirpa alipiga simu ya Jumapili. Aliuliza hali. Nikasema kila kitu sawa. Kwenye simu nilisema hivyo. Humu naandika ukweli, kwa sababu mkono niliutoa kwa ajili ya daftari, simu hatukuitaja.

Januari 18

Ndoo. Mizunguko ishirini. Ndoo.

Januari 21

Jumamosi tena. Asubuhi nilinusa shati langu nikaona hapana, mtu hawezi kuwa hivi na bado ajiite mtu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye dohani ya sauna ya Reino. Nikachukua taulo nikavuka barabara.

Alifungua mlango, akanitazama, akavua kofia.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Leo Jumamosi."

"Najua ni Jumamosi." Ndipo akaliona taulo. Akalitazama muda mrefu, mwenye dharau yule. "Limeganda?"

"Limeganda. Nilikwambia mwaka themanini na saba."

"Shemeji, ingia kwanza, unanuka. Tutagombana ukiwa safi."

Tukakaa benchi la juu. Miaka thelathini na tano sikuwa nimekaa kwenye sauna ile. Reino akamwaga maji juu ya mawe moto, nikanyamaza. Akamwaga tena. Masikio yangu yakaanza kuungua, nikanyamaza. Akauliza kama nataka kushuka benchi la chini, wazee wengine hushuka. Nikamwambia aongeze, naona kama kuna upepo. Mwishowe yeye ndiye aliyeshuka kwanza. Atasema ni mimi. Ukweli ni huu ulioandikwa.

Kisha tulinywa kahawa. Hakunicheka sana. Alisema kuna mama mmoja anaitwa Marketta ana mtambo wa mvuke kwenye tela, anayeyusha mabomba wilaya nzima, atampigia. Nikasema sikuomba msaada. Akasema hajasema ni msaada, anataka tu kujua bomba lake limefanywa nini.

Bomba lake, alisema.

Januari 24

Baridi 19. Marketta amekuja. Mwanamke mpana, ana mikono minene kuliko yangu ya ujana, na mimi nilikuwa na mikono. Aliingiza mpira wa mvuke kwenye bomba kupitia orofa ya chini, akawa anausukuma huku akihesabu alama. Kwenye mita saba ukasimama.

"Saba kamili, mzee," akasema. "Kabla ya saba ni maji tu, baada ya saba sijui. Barafu iko hapo."

Mvuke ulikula barafu kwa muda wa saa mbili na nusu. Ghafla bomba likameza yote kwa mkupuo, tukasikia maji yakikimbia kwenda kwenye karo. Sikulia. Kulikuwa na mvuke mwingi.

Aliniuliza kama niliacha maji yatiririke kidogo kidogo. Nikasema ndiyo, ujuzi wa baba yangu. Akasema ujuzi huo unaokoa mfereji wa maji safi na unaua bomba la maji machafu. Uzi mwembamba haufiki kwenye karo, unaganda njiani, safu juu ya safu, kama nta inavyoshuka kwenye mshumaa. Baba yangu hakuwa na bomba la majitaka, nikamwambia. Akasema ndiyo maana.

Kisha akapima mita saba kutoka ukutani akachomeka fimbo ndefu kwenye theluji. Fimbo imesimama ukingoni mwa njia yangu ya mbao, inanigonga kiwiko nikipita. Nimeiacha kwa adabu.

"Sikiliza, mzee," akasema akiwa anakunja mpira. "Hii ni Januari, na mgando utazidi kushuka mpaka Aprili, hata jua likiwaka. Hapa pafunike nyasi kavu, nene, na theluji laini juu yake. Theluji laini ni blanketi. Usiikanyage."

Nikasema nimeishi na theluji miaka themanini na minne, sihitaji kuambiwa theluji ni nini.

Januari 25

Nimeoga sauna yangu, Jumatano, kwa makusudi. Nimevuta maji ya choo mara tatu bila haja, kusikiliza tu.

Januari 26

Nimepata marobota manne ya nyasi kavu kwa Reino. Nimeyatandaza kuanzia ukutani mpaka kwenye karo, nene mpaka magotini. Nimeacha nafasi ya mita moja na nusu tu pale kwenye fimbo, ipite njia yangu. Reino alisimama barabarani akaniuliza ile nafasi ni ya nini.

"Ya mbao zangu. Nina kilomita mia mbili na arobaini na tano, sitaki kupoteza msimu."

Reino alinyanyua mabega. Akasema uani ni kwangu.

Februari 5

Baridi 31. Kwenye simu, mambo ni sawa. Na leo ni sawa kweli.

Februari 6

Si sawa. Limeganda tena. Waya umegonga palepale, mita saba.

Nimevaa koti nikaenda moja kwa moja kwa Reino, safari hii sikungoja Jumamosi. Nikamwambia pale mita saba ndipo alipoinua mtaro, nina hakika, alichoka akataka kwenda kula. Akasema hakuinua. Nikasema barafu haisemi uongo. Akasema tusubiri ardhi ifunguke tuchimbe tuone, na kama ameinua atakula kofia yake hadharani sokoni. Tukapeana mikono. Kwa hiyo sasa nina mikono miwili niliyotoa msimu huu.

Marketta alipoulizwa kwa simu alisema anaweza kuja, lakini kama kuna kitu kinachovuta baridi pale litaganda tena wiki ijayo. Bora ningoje. Mpaka lini? Mpaka ardhi itakapotaka.

Februari 11

Sauna kwa Reino. Kilomita 300.

Februari 14

Siku ya marafiki. Sina la kuandika.

Februari 18

Sauna kwa Reino. Tumezungumza kuhusu Lempi, jinsi alivyokuwa akiimba akiparua samaki na kuacha katikati ya wimbo kwa sababu amesahau. Reino anamkumbuka akiwa na miaka sita. Mimi sikuwa na huyo Lempi wa miaka sita. Nimepewa leo.

Februari 27

Tumeamka na theluji mpaka kiunoni. Nilitoka na koleo kutengeneza njia ya kwenda choo cha nje, nikakuta imeshasafishwa, upana wa mabega yangu hasa. Trekta la Reino lilikuwa linarudi kwake. Hakuinua mkono, alijifanya anatazama mbele. Mimi pia nilijifanya sijaona. Kisha nikasafisha njia ya mbao mpaka chini, nikaikandamiza.

Machi 5

Sirpa anataka kuja Jumapili ijayo. Nikamwambia barabara ni mbaya. Akasema ametazama, barabara ni nzuri. Baadaye akasema basi, ana zamu, atakuja Mei mosi kama tulivyosema. Sijawahi kufurahia zamu ya mtu hivyo.

Machi 11

Kilomita 400. Jua lina nguvu, paa linadondosha. Lakini bomba limekaza. Nje inayeyuka, chini inaganda, Marketta alisema hivyo na mimi sikuamini. Reino aliniletea supu ya samaki kwenye kopo la rangi. Nilimuuliza kama alilisafisha kopo. Akasema alisafisha nusu yake.

Machi 26

Ndoo ya mia mbili, kwa hesabu yangu. Goti la kushoto limevimba. Nimeanguka kwenye ngazi leo, ngazi mbili tu, ndoo ikamwagika, mimi mzima. Nimeandika kwa sababu niliahidi kuandika. Nilikaa pale chini nikifikiria kwamba labda Sirpa yuko sahihi. Kisha nikasimama, wazo likapita.

Aprili 3

KILOMITA MIA TANO. Saa tano na robo asubuhi. Msimu wa sitini na mbili mfululizo. Nimeandika ukutani bandani. Reino alikuwa dirishani kwake, nikamwinulia fimbo zangu zote mbili za kutelezea.

Aprili 12

Joto 7. Maji yamesimama uani kama ziwa dogo. Hayana pa kwenda, ardhi chini bado ni barafu, haiwezi kunywa. Natembea kwenda choo cha nje kwa mabuti marefu. Bomba bado.

Aprili 19

Leo nitaandika polepole.

Usiku ulikuwa na mvua ya joto. Asubuhi nilisimama dirishani na kahawa. Theluji imekwisha uani. Majani ya mwaka jana yanaonekana, ya kahawia, yamelala. Theluji imekwisha kila mahali isipokuwa kwenye njia yangu. Ile niliyoikandamiza kwa gogo na kwa mizunguko elfu mbili haikuyeyuka. Imesimama juu ya nyasi, nyeupe, ngumu, imeinuka kama mgongo, inazunguka nyumba yangu yote.

Na fimbo ya Marketta imeinama ukingoni mwake. Kushoto kuna nyasi kavu, kulia nyasi kavu, katikati nafasi yangu ya mita moja na nusu, nyeupe kabisa.

Kahawa ilipoa mkononi. Sikutaka kufikiri lakini fikra ilikuja yenyewe, kama maji yale kwenye sakafu. Theluji laini ni blanketi, usiikanyage. Mimi nilichukua blanketi kutoka pande zote mbili kwa koleo. Kilichobaki nikakigandamiza kuwa ubao wa barafu, nikausugua kila siku kutoka Novemba, na baridi ikashuka kupitia pale kama msumari.

Reino alikuwa amekwisha kuona. Alikuja akiwa na mtaimbo, akasimama uani, akageuka polepole kutazama mzunguko wote.

"Shemeji," akasema, "umeivisha nyumba pete. Harusi lini?"

Akachomeka mtaimbo kwenye ardhi nje ya njia, chini ya nyasi kavu. Ukazama mpaka karibu na mkono wake. Akaenda kwenye nafasi yangu, akavunja barafu ya juu, akachomeka tena. Ukasimama baada ya shubiri moja, ukatoa mlio wa reli. Akanipa na mimi nijaribu. Nikajaribu mara tatu. Mlio ule ule.

Alikuwa na haki ya kusema kitu kikubwa pale. Alikuwa na miaka thelathini na tano ya kusema. Alisema tu, "Bomba liko kina cha mita moja na nusu, Kalervo. Lempi ndiye aliyeshika fimbo ya kupimia."

Akaenda zake kunywa kahawa, akaacha mtaimbo.

Aprili 20

Ningeweza kuchana ukurasa wa jana. Daftari ni la waya, ukurasa unatoka bila alama. Ningeweza kuandika kwamba bomba lilikuwa bovu, ni la Reino. Sirpa angesadiki.

Nimelala nalo, nimeamka nalo. Ukurasa uko pale.

Saa nne nilivuka barabara. Reino alikuwa anapasua kuni. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani lakini yaliishia kwenye lango lake.

Nikasema, "Ulichimba sawa."

Akapasua gogo moja. Akapasua la pili.

"Sema tena, sikio hili limezeeka."

"Ulichimba sawa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekosea, mwaka ule na mwaka huu."

Akaweka shoka. "Haya. Kofia yangu imepona," akasema, na akaingia kutia kahawa jikoni. Alitoa na mkate wa siagi. Akaukata wote mpaka mwisho, vipande vya watu sita, na tulikuwa wawili. Sikuwahi kujua kama jambo lile lilikuwa zito kwake pia. Nilidhani zito ni kwangu tu.

Mchana tulivunja njia yangu kwa shoka na mtaimbo, vipande kama magodoro, tukavitupa mtaroni barabarani. Pale kwenye fimbo tulimwaga majivu meusi ya jiko ili jua lishike. Wazee wawili, miaka mia na sitini na tatu kwa jumla. Yeye alipumzika mara nne. Mimi tatu.

Aprili 24

Joto 11. Mtaimbo unazama mpaka kiwiko.

Aprili 27

Saa nane mchana. Nilikuwa namenya viazi. Nikasikia chini sauti, glop, kama ng'ombe akitoa mguu kwenye tope. Nikaacha kisu. Sauti tena, ndefu. Nikashuka ngazi kwa kasi ambayo Sirpa asingeipenda. Maji yaliyokuwa yamesimama kwenye tundu la sakafu tangu Februari yalizunguka mara moja, mara mbili, yakaenda.

Nilivuta maji ya choo. Yakaenda. Nikafungua mfereji wote. Yakaenda. Nikafungua dirisha nikamwita Reino mpaka kunguru wakaruka. Alikuja akikimbia, kama ile inaitwa kukimbia, na bado ameshika kijiko cha supu. Tulisimama mbele ya choo tukitazama maji yakishuka kama watu wengine wanavyotazama runinga. Aliomba na yeye avute. Nikamruhusu.

Usiku nililala bila kuamka, kwa mara ya kwanza tangu Januari 12.

Aprili 29

Jumamosi. Sauna yangu. Reino amekaa benchi la chini la Lempi, nimelisugua mara nne kwa sabuni ya lami. Akasema linafaa.

Mei 1

Sirpa alifika saa tano na donati za sukari. Nikampa daftari kabla hajavua koti. Alikaa jikoni akasoma yote, kuanzia nyongo yangu. Mimi nilikaa banda la kuni nikatazama miaka yangu ukutani. Nilikuwa nimeshafunga mfuko mdogo, mashati mawili na mashine ya umeme ya kunyolea ndevu, ili asiseme nimegoma. Neno langu ni neno. Choo kilinishinda, imeandikwa.

Alikuja akasimama mlangoni, daftari limefungwa, kidole chake katikati ya kurasa. Macho mekundu, na nilidhani ni hasira.

"Siku tisa ulikaa na ndoo bila kumwambia mtu," akasema.

"Tisa."

"Ya kumi ukaenda kwa mjomba." Akafuta pua kwa kiganja kama alivyofanya akiwa mdogo. "Baba, mimi nilidhani ungekaa hivyo mpaka watu wa posta wakukute umekufa."

Akauona mfuko. Akauchukua, akaufungua, akatazama yale mashati mawili, akaanza kucheka mpaka akaegemea kuni. Akasema kwa mashati mawili ningefika wapi.

Kisha akatoa hukumu yake, na mimi naiandika kama alivyoisema. Nakaa kwangu. Msimu ujao nateleza kwenye shamba la Reino, ambako hakuna bomba, na Reino anatazama dirishani. Mfereji haufunguliwi uzi mwembamba hata baba yangu akitokea kuamuru. Na simu ya Jumapili inahesabiwa sawa na daftari. Hilo la mwisho nililipinga kidogo, kwa heshima yangu. Alinyoosha mkono juu ya rundo la kuni, nikaushika.

Nimepima shamba la Reino kwa macho. Mzunguko mmoja ni mita mia sita. Kilomita mia tano zitakuwa nyepesi.

Anayetilia shaka maandishi haya aende kwa Reino Karppinen, aliyechimba sawa. Atamwongezea uongo kuhusu benchi la juu, asimsikilize hapo tu. Aende kwa Marketta wa mtambo wa mvuke, aliyepima mita saba. Aende kwa binti yangu Sirpa, aliyesoma kurasa zote na kuzihesabu, hazipungui. Na fimbo bado imesimama uani, nyasi zimeanza kuota pande zote mbili zake. Lempi angekuwepo angetosha peke yake, yeye ndiye aliyepima kina.